Jiwe la Mkwe

Mama Rereata alikuwa na ulimi mkali, na ufagio mkali zaidi. Tangu utotoni alifagia marae ya ukoo wao, ule uwanja wa mawe pale kisiwani Huahine ambako wazee wao waliwaita mababu kwa majina, na hata kuku akikatiza pale alitukanwa yeye na kizazi chake. Mumewe alishafariki, mtoto alikuwa mmoja tu, Heiata, na huyo Heiata ndiye sasa anaolewa na Teuira, kijana wa kisiwa cha Rurutu. Basi roho ya mama ilikuwa juu. Mkwe akimchukua binti kwenda kwao, nani atafagia?

Asubuhi ya harusi Teuira akatumwa mawe ya tanuri la kuchomea nguruwe. Nyuma ya marae akaona mawe meusi yaliyoporomoshwa na mvua, yamejilalia majanini, akasema moyoni haya yamejileta. Kwao Rurutu mawe ya marae husimama wima, angejuaje? Mama alipotoka kutazama tanuri, yalishaiva mekundu.

Lo! Alimsema mpaka wageni wakainamisha vichwa. Nguruwe akahamishiwa tanuri la jirani, na bwana harusi, na shada lake la maua shingoni, akasubiri mawe yapoe, akaanza kuyarudisha kwenye marae moja moja huku mama mkwe akimwelekeza kwa ufagio: hilo geuza, hilo si hapo, una macho wewe au una matundu? Wageni walikula samaki mbichi wa tui la nazi, wakacheka mpaka wakapaliwa.

Likabaki pengo moja. Jiwe lake lilikuwa limepasukia motoni, vipande vipande. Mama akakaa chini, akalia.

Teuira akaenda kwenye mzigo wake, akarudi na jiwe lililofungwa kitambaa. Akaeleza kuwa mama yake alilitoa kwenye marae ya kwao, alisimike mahali atakapoishi.

"Atakapoishi nani?"

"Mimi, Mama. Hapa."

"Na mbona siku zote hizi hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ulikuwa unaongea wewe."

Heiata ndiye aliyeanza kucheka. Mama alijaribu kununa, akashindwa. Alishika jiwe upande wa pili, wakalitia pengoni pamoja. Likakaa limepinda kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaliacha hivyo hivyo. Kisha akamkabidhi mkwe wake ufagio, akaenda kumwangalia nguruwe.