Mzaha wa Mtungi

Mzaha ule niliuanzisha mimi, na sitamsingizia mtu. Tulikuwa kwenye mazoezi uani, katika kituo chetu cha zimamoto Lodwar. Mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alijaribu kubeba mgongoni mtungi wa hewa, ule tunaovutia pumzi ndani ya moshi. Aliuinua mara mbili, akauweka chini, akaketi akihema.

"Leo mtungi imenishinda," akasema.

"Ai, mzee!" nikadakia. "Kumbe jongoo haipandi mtungi tena?"

Uani pote wakaangua kicheko. Hakuna mwanamume asiyemjua jongoo huyo wa kitandani. Tangu siku hiyo, mzee akiuliza ni nani amekula chapati yake, anaambiwa ni jongoo. Baadaye aliomba kuhamishiwa ofisini, akawa mpokeaji wa barua zetu za likizo na za ugonjwa. Mimi nikajisifu kwamba nimemtafutia kiti.

Kisha tukaletewa wapimaji wa afya. Walitupima presha, wakatubandika nyaya kifuani, wakatutoa damu. Daktari, binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho, aliniita peke yangu akafunga mlango. Presha yangu ilikuwa juu, na mchoro wa moyo haukumpendeza.

"Halafu homoni zako za kiume ziko chini, baba. Testosteroni."

Alinieleza kwamba mambo hayo mawili mara nyingi hukutwa pamoja, na kwamba usingizi wa zamu na hiki kitambi changu havisaidii. Kipi kinamvuta mwenzake, alisema, hata wao bado wanabishana. Akanikataza kununua sindano za nguvu madukani, maana zingeweza kuuumiza moyo huohuo. Niende kwa daktari wa moyo, na hadi hapo nisiguse mpira wa maji. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye neno moja tu: kiume.

Yote mawili yaliandikwa kwenye karatasi moja, moyo juu, kiume chini, na muhuri chini kabisa. Ili nipewe mapumziko, karatasi hiyo ilibidi ipite mezani kwa yule mzee. Nilikwenda kwenye duka la fotokopi nikamwomba dada aifunike nusu ya chini.

"Na bila muhuri, nani atakubali hii?" akaniuliza.

Mdomo uliponza kichwa. Kila mlango niliojaribu niliukuta nimeufunga mwenyewe. Mke wangu alipouliza majibu nilimwambia niko sawa, nikaificha karatasi chini ya godoro. Afadhali nife mwanamume, nilijiambia. Ulikuwa upumbavu mtupu, lakini wakati ule niliuona ni busara.

Wiki hiyo tulikuwa zamu Kakuma. Alasiri moja maduka ya mabati yalishika moto kwenye kambi ya wakimbizi, na mimi nikashika mpira mbele, kama kawaida yangu. Niliingia kwenye kichochoro, magodoro yakiwaka kushoto na kulia, mtungi mgongoni, barakoa usoni. Kifua kikabana. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mwenzangu nyuma alikuwa akinisukuma mbele, kama tunavyofundishwa, na kichochoro hakikuwa na nafasi ya kugeuka. Ndani ya barakoa sikuweza kusema, na hata ningeweza, ningesema nini? Kwamba mtungi umenishinda?

Niliogopa kufa. Na nikisema kweli, kicheko nilikiogopa zaidi. Nilisimama palepale nikimwaga maji, nikihesabu pumzi zangu, mpaka maji ya gari yakaisha tukalazimika kurudi nyuma. Kilichoniokoa ni hicho tu, tangi tupu.

Tuliporudi Lodwar niliitoa karatasi chini ya godoro, nikaipeleka.

"Ejok," nikamsalimu mzee kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," akaitikia.

Akavaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Vijana wawili wa zamu walikuwa mlangoni wakingoja funguo za stoo. Kidole kilifika chini, kikasimama. Miguu yangu ilitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa na watu.

"Mzee, kwani huyu ako na nini?" mmoja akauliza.

Mzee aliikunja karatasi mara mbili, maandishi yakabaki ndani.

"Moyo," akasema, akawatupia funguo.

Walipoondoka aliiweka karatasi ndani ya faili langu, akashusha sauti.

"Kesho usikuje kazi. Enda hospitali. Na uende na mama watoto, umwambie yote, hata ile ya chini."

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Nilikitamani, Mungu anajua, ili tulipane yaishe. Lakini aliendelea tu kuandika ruhusa yangu, na mpaka leo sijajua nimwombe radhi vipi.