Nilimuigiza mama kwenye mchezo wa Waingereza wa kale, baba mkubwa akiwa ukumbini

Wakuu, poleni na majukumu. Naanza na ujinga wangu mapema ili msihangaike kuutafuta: nilimuigiza mama yangu mzazi jukwaani, mbele ya shemeji yake, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Chumvi sijaongeza hata punje.

Niko Joburg, nasoma shule ya wavulana watupu. Tunaishi Bertrams, mama na mimi tu. Mama ana spaza, kiduka cha mtaani, huko Diepsloot, na bakkie, pickup yake, anaendesha mwenyewe. Baba yuko Tanga, waliachana zamani.

Sasa mwalimu wa drama akatuletea comedy ya enzi za Malkia Victoria. Ndani kuna mwanamke anayejitegemea: ana hela zake, anaendesha baiskeli, anavuta sigara, kuolewa hataki. Mwalimu akasema enzi hizo hayo tu yalitosha kuchekesha ukumbi mzima. Ila mwisho lazima apige magoti, aombe radhi, aolewe. Pazia.

Part hiyo nikapewa mimi. Chekeni tu, miguu ninayo.

Mazoezini hakucheka mtu. Nani Joburg anamjua bibie wa London ya kale? Nikaona isiwe tabu, nikambeba mama mzima mzima. Koti lake la dukani, funguo kiunoni, ule mwendo wa kuburuza mguu, anavyomkata mteja msumbufu jicho juu ya miwani. Darasa likalipuka.

Eish.

Wiki hiyo hiyo baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa kwetu. Kilichomleta ni kimoja: mtoto wa kiume halelewi na mwanamke asiye na mume, nirudi Tanga. Mama akamleta kwenye mchezo makusudi, ajionee kijana ametulia.

Niliwaona safu ya pili. Ningeweza kubadilisha mwendo.

Lakini wakuu, kicheko cha kwanza kikishatoka, mguu hausikii.

Kile Kiingereza baba mkubwa hakuelewa hata robo. Hakukihitaji, mwendo anaujua. Alicheka kuliko wote. Mama alikaa kakumbatia mkoba. Nilipopiga magoti, baba mkubwa akasimama kupiga makofi.

Njiani, bakkie iliposimama kwenye robot, taa za barabarani, baba mkubwa akasema taratibu, "Shemeji, mimi sina la kuongeza. Mwanao kashasema."

Mama, ambaye hubishana hata na polisi, aliingiza gia tu, tukaondoka. Tunafika nyumbani limeshapita: shule ikifunga, naondoka.

Nilichojifunza? Aliyeandika ule mchezo alimcheka mwanamke wa kwenye karatasi. Wangu ndiye aliyenirudisha nyumbani kwa gari.

Mliowahi kugombaniwa na upande wa baba, nipeni mbinu. Wenye matusi nao wapite, nimeyastahili.

Baba mkubwa alipoingia kuswali, mama alikuja mlangoni kwangu, lile koti mkononi. Nanukuu neno kwa neno:

"Mwendo umeupatia kabisa. Lakini kupiga magoti, uliniona lini?"