Karatasi ya Jumatatu Mlangoni

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopata kazi ya kupiga taipu katika duka moja dogo mjini Migori. Nilitoka nyumbani Rangwe na cheti cha miezi sita, sketi mbili na kiburi kingi. Mwenye duka alikuwa mwalimu mstaafu. Kazi yetu ilikuwa barua: za kuomba kazi, za kumwomba radhi mkuu wa shule, mapatano ya kuuziana ng'ombe. Halafu kulikuwa na barua za watu wasiojua kuandika. Hao walikaa kwenye benchi mbele yangu wakaniambia mambo yao, nami nikiyagonga kwenye mashine neno kwa neno.

Ofisi nyingine ya taipu ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, wateja wetu walianza kuvuka. Siku ya tatu mwalimu akaniita.

"Kila Jumatatu utabandika karatasi mlangoni," alisema. "Si ya bei. Andika kitu cha kumsimamisha mtu. Akisimama ataangalia ndani, na akiangalia ndani ataingia."

"Niandike nini, mwalimu?"

"Wewe ndiye uliyetoka shule juzi. Tafuta."

Aliitaka kwa Kiswahili, kwa kuwa mbele ya mlango wetu walipita Waluo, Wakuria, Wasomali wa maduka ya vitambaa na watu waliovuka mpaka kutoka Tanzania, na kila mmoja alikijua kwa namna yake.

Jumatatu ya kwanza niliandika jinsi ya kupanga barua ya kuomba kazi. Ya pili, namna ya kuhifadhi vyeti visiliwe na mchwa. Ya tatu, makosa ambayo watu hufanya wakijaza fomu ya kitambulisho. Hakusimama mtu. Alisimama mbuzi, akala kona ya chini. Kufikia wiki ya tano sikuwa na kitu kichwani. Jumamosi, siku yetu ya sabato, kanisani mhubiri alikuwa anatuonya juu ya siku ya mwisho, na mimi nilikuwa natafuta kichwa cha habari.

Wiki hiyo alikuja kijana mmoja akaniambia nimpigie barua ya mapenzi, nakala mbili, ila pale penye jina niache nafasi. Jumatatu nikaiandika mlangoni: kuna bwana mmoja anayependa kwa karatasi ya kaboni. Kabla ya saa tatu asubuhi watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Yule kijana mwenyewe alipita, akasoma, akacheka kuliko wote, na kabla ya jioni alikuwa ameshawaambia rafiki zake kwamba ni yeye.

Basi nikajua. Watu hawakutaka mashauri, walitaka mtu. Tangu siku hiyo niliwasikiliza wateja kwa sikio jingine. Mtu akiniambia jambo, kabla hajamaliza nilikuwa nalipima: litafaa Jumatatu, au halitafaa? Nilimwandika karani aliyeomba ruhusa ya kumzika nyanya yake mara ya tatu. Nilimwandika mzee aliyetaka chifu amshtaki jogoo wa jirani kwa kuwika akielekea nyumbani kwake. Sikutaja majina, na niliona hiyo ni heshima ya kutosha. Wateja walirudi. Mwalimu akaninunulia kiti chenye mto.

Karibu na mlango wetu, chini ya mabati mawili, palikuwa na mama mmoja aliyeuza chai na mandazi. Alikuwa mtu wa Kisegi, mjane wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Kiswahili alikisikia na kukisema kidogo, lakini kusoma hakujua hata herufi moja. Kila asubuhi aliniletea kikombe cha chai. "Nyathina," aliniita, mwanangu, "kunywa kabla haijapoa." Na kila mwezi alikaa kwenye lile benchi kunisomea moyo wake kwa Kijaluo, nimwandikie mwanawe wa pekee aliyekwenda Nairobi miaka minne nyuma. Majibu yalipaswa kuja kwa sanduku la posta la mwalimu. Hayakuja.

Mwezi ule alinieleza habari za paa, za ng'ombe aliyezaa, za jirani aliyefariki. Halafu alisogea karibu na mashine.

"Andika hivi," alisema. "Juzi nilimwona mwanamume ambaye mgongo wake ni wako. Nikaacha chai motoni nikamfuata hadi stendi. Nikamwita kwa jina lako. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine. Nikamwomba msamaha. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Na mwezi uliopita nilimfuata mwingine. Huyo usimwandike. Mwanangu ataniona nina kichaa."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili jioni nilikuwa bado sina kitu. Nilikumbuka jogoo, nikakumbuka kaboni, na wote nilikuwa nimewamaliza. Naandika haya bila kutafuta pa kujificha: nilijua vizuri kabisa nilichokuwa nafanya. Hata nilitabasamu kichwa kiliponijia. "Mwanamke Anayefuata Migongo." Nikaandika kwamba katika mji wetu yupo mama ambaye hana haja na nyuso za wanaume, anachotaka ni migongo, kwamba huacha sufuria motoni akafukuza migongo hiyo mpaka stendi, kwamba mwanamume mwenye mgongo mzuri ajihadhari apitapo karibu na chai. Neno chai niliweza kuliondoa. Niliona likiondoka utamu utapungua, nikaliacha.

Hakuna karatasi iliyosomwa kama ile. Kufikia saa nne makanga wa stendi, wale waita abiria, walikuwa wanakuja wawili wawili. Walisoma, wakatazama kibanda, wakapita mbele ya mama wakiwa wamempa migongo, wakitembea polepole. "Mama, ni mimi! Nimerudi!" mmoja alipaaza sauti, halafu akageuka na kutoa ulimi. Mama aliwatazama bila kuelewa. Kwa yule wa kwanza, nilimwona akiinuka nusu kutoka kwenye kigoda chake. Wale waliokuwa mlangoni kwetu walicheka hadi wakashikana mabega. Nami, ndani, nilicheka pia.

Siku ya tatu aliniletea chai kama kawaida. Kwenye benchi alikuwa ameketi msichana wa sekondari, mwenye sare, akingoja nimalizie barua ya shule yake.

"Nyathina," mama alisema, "hiyo karatasi imesema nini? Watu wanaiangalia, halafu wananiangalia mimi."

"Ni mzaha tu, mama."

"Nisomee."

Nikatoka naye mlangoni. Niliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikamsomea hadithi niliyoitunga palepale, ya mwanamke aliyepotelewa na ng'ombe akamfuata hadi sokoni, akamkuta amefungwa nyuma ya bucha. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, kidole kikitembea. Mwanamke alipotelewa na ng'ombe, akamfuata hadi mtoni.

"Mara ya kwanza ilikuwa sokoni," alisema.

Nikaondoa kidole kwenye karatasi.

"Kilichoandikwa hakibadiliki, nyathina. Hilo najua hata mimi."

Akamwita yule msichana kwa upole, akamwomba amsomee. Msichana alisoma kwa sauti ya darasani, safi, akisimama kwenye kila nukta. Alipofika kwenye sufuria na stendi sauti ilianza kupungua, kwa sababu alikuwa ameshaona kibanda, na kutambua ni nani aliyesimama kando yake. Alinitazama kama anayeomba aache. Mama akamwambia, "Endelea, mama yangu, maliza." Akamaliza.

Mama aliishika mikono yake, akaiachia. Sikuwa nimewahi kumwona akikosa cha kufanya na mikono yake.

"Uliiandika kwa nini?" aliniuliza.

Ningeweza kudanganya tena. Lakini uongo ulikuwa umeniishia, nikasema ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo wowote.

"Nilikosa cha kuandika, mama."

"Ulikosa cha kuandika," alirudia, kama mtu anayejaribu kukumbuka maneno ya kumpelekea mwingine. Akaingia ndani, akachukua kikombe chake mezani kwangu, akamwaga chai kwenye mtaro, akarudi kazini kwake.

Nilimwomba mwalimu niiondoe. "Mpaka Jumatatu," alisema bila kuinua macho. "Wiki hii wameingia watu wengi." Ningeweza kuichana mwenyewe. Nilikuwa na mikono. Nilikaa kwenye kiti changu chenye mto nikaendelea kutaipu, na makanga waliendelea kupita. Jumatatu nilibandika nyingine, lakini migongo haikukoma. Sasa hata watoto wa shule walimgeuzia. Alivumilia kama majuma mawili. Siku moja nilikuta mabati yameshushwa. Kinyozi wa jirani alisema amekwenda kwa dada yake Homa Bay.

Miezi mitatu baadaye mwalimu alirudi kutoka posta na barua yenye muhuri wa Nairobi, jina la mama juu yake. Aliitupa mezani kwangu. Nilifunga safari siku iliyofuata.

Nilimpata Homa Bay, karibu na ziwa, akikaanga samaki mbele ya nyumba ya dadake. Alikuwa amekonda. Hakuniita nyathina.

"Mama, kuna barua," nilisema. "Imetoka Nairobi."

Alipangusa mikono mara mbili kabla ya kuipokea. Aliigeuza, akapitisha kidole pale ilipofungwa.

"Umeifungua?"

"Hapana. Nikusomee? Nitasoma kila neno, mama, naapa."

"Sitaki kuisikia kwa mdomo wako."

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Migori, mazuri, ya mtu aliyezoea kuandika. Alinikatiza.

"Nenda. Ukiwa hapa haitasomwa."

Nilikwenda hadi kwenye kona ya ghala moja, nikasimama. Alingoja. Niliposogea mbali zaidi ndipo alipomwita mwanamume mmoja mwenye baiskeli aliyekuja kununua samaki, akampa. Alisoma upesi, ilikuwa ukurasa mmoja, na haukujaa. Mama aliikunja, akaisukuma ndani ya nguo kifuani, akainama kugeuza samaki wa mbuta kwenye mafuta. Sikuona uso wake.

Mwalimu alikuwa mlangoni nilipofika kazini kesho yake.

"Kijana wake amesema nini?" aliuliza. "Amekufa? Ameoa? Hiyo ingekuwa nzuri sana ya Jumatatu."

"Sijui. Hakutaka niisome."

"Ungeifungua kwa mvuke hapahapa. Nani angejua?"

Sikumwambia kwamba asubuhi ya safari niliiinua bahasha ile juani, nikaigeuza huku na huku, nikitafuta hata neno moja, na kwamba kilichonizuia ni karatasi yake tu, ilikuwa nzito, haikupitisha mwanga.