Nilivyowapelekea wafadhili ukame wa miezi ambayo haijafika (kisa cha Mwakiro, Muyinga)

Wakuu, heshima kwenu wote mlio macho na mnaosoma kimya kimya.

Hiki kisa kimenikuta mwenyewe na sijakitia chumvi. Wanaotafuta chai za kutunga waende uzi mwingine.

Mimi ni mtoto wa Musinzira, Gitega. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe nilikuwa mpiga chapa wa project moja ya utafiti wa mazingira. Tulifuatilia mvua na mito, mwaka hadi mwaka, ili ijulikane nchi inabadilika vipi.

Kazi hii haina shangwe. Unapima leo, unapima kesho, faida yake unaiona ukiwa na mvi.

Vita ilipopamba moto wataalamu wakaondoka, na funding ikakatika. Walituambia, "Endeleeni kupima, tutarudi." Walisema hivyo wakiwa ndani ya gari, injini inanguruma.

Vituo vikafa kimoja kimoja. Bukirasazi watu walikimbia, kipima mvua kikabaki kinakusanya majani makavu.

Kituo kimoja tu hakikukatika. Mwakiro, kule Muyinga.

Aliyepima pale alikuwa Mama Hadija, mjane, muuza maandazi. Aliyeajiriwa alikuwa mumewe. Alipofariki, mama akaendelea bila mshahara na bila fomu. Kila asubuhi akishaswali anakwenda uani, anasoma maji, anaandika namba kwenye daftari la shule, anamwaga.

Zaidi ya miaka sita wakuu! Mimi hata diary nilishindwa kuandika wiki mbili.

Hali ilipotulia kidogo, wafadhili wakamtuma mtaalamu mmoja, mama wa Kikongomani aliyekulia Bukavu. Tulimwita Madame. Sharti lake lilikuwa moja: tumwonyeshe kituo chenye data zisizokatika, tupate funding ya miaka kumi. Tukikosa, project inafungwa na mimi narudi kwa mjomba kushona vifungo.

Nikaletewa madaftari ya Mama Hadija nipige chapa.

Hapa ndipo nilipoharibu. Kila ukurasa ulikuwa na mwezi mmoja, lakini haukuandikwa jina la mwezi. Nikasema hakuna shida: wa kwanza Januari, wa pili Februari, twende kazi. Nikagonga mashine wiki nzima huku napiga mluzi.

Niliona kurasa zina mistari 29 au 30, hakuna hata moja yenye 31. Nikajua mama amesahau. Nikamsaidia, nikajaza sifuri. Februari ikizidi, siku za ziada nazitupa. Nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Madame akafika Gitega, akafungua report, akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

"Monsieur, leo tuko mwezi gani?"

"Wa nane, Madame."

"Bon. Na hapa umeandika mwezi wa tisa na wa kumi haikunyesha hata tone. Ile miezi haiyafika, we umeshajua?"

Wakuu, jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Watu wote walikuwa wanangoja mvua za mwezi wa tisa wapande, mimi nimeshatangaza ukame.

Akafunga report. "Mlikaa mukatunga. Mi siwezi kupeleka hii."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamwambia, "Madame, aliyekosea ni mimi, yule mama hajui kutunga. Twende ukamwulize mwenyewe." Akachukua funguo za gari.

Tulimkuta Mama Hadija anakaanga maandazi. Madame akamwuliza, ukurasa mpya anaanza siku gani?

Mama akamwangalia kama ameulizwa jua linachomoza wapi.

"Si siku mwezi inaandama? Calendrier iliisha mwaka bwana yangu alikufa. Redio haina mabuye ya betri. Lakini mwezi iko juu pale, kila mtu anaiona!"

Madame akahesabu kwenye vidole.

Halafu Madame akacheka. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga, suruali ikawa nyeupe. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa kalenda kwa siku kama kumi na moja, na kwa miaka sita na ushee nilikuwa nimekimbia mbele zaidi ya miezi miwili!

Tukakaa uani wote watatu, tukahesabu upya. Mama alikuwa ameweka alama kila Idi, na Madame akapata tarehe za Idi zote kwenye kalenda zake. Kila kiangazi kikarudi mahali pake. Sifuri zangu za siku ambazo hazikuwahi kuwepo tukazifuta moja moja, Mama Hadija akiniita "mwalimu" kila nikifuta moja. Nilikuwa na furaha ya kipuuzi, nilikula maandazi tisa.

Barua ya funding ilitoka. Nilipanda gari hadi Mwakiro kumpa habari, nusura niruke kabla halijasimama. Nikamwambia ataajiriwa kwa jina lake mwenyewe, miaka kumi.

Hakushangilia. Akauliza, "Ya mwezi ao ya calendrier?"

"Ya calendrier, mama."

"Nzuri. Iko ndefu kidogo." Kisha akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yakawa yanatikisika. Nami nikalia, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: tunasema utafiti wa miaka mingi unaendeshwa na hela za wafadhili. Ile miaka sita ilifadhiliwa na mjane kwa maandazi, na mimi mwenye mashine ya chapa nilibakiza kidogo tu kumfanya aonekane mwongo. Siku hizi namba ikinishangaza, kwanza namwuliza aliyeiandika.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine ameshawahi "kusahihisha" kazi ya mtu aliyekuwa sahihi? Semeni bila aibu, mimi nimeshatangulia.