Mjomba Aliyetoka Idara ya Anthropolojia

Wanafunzi wa anthropolojia tuna ugonjwa mmoja: kila tunakokwenda lazima tuasiliwe. Soma tasnifu yoyote ya shahada ya uzamili, ukifika sura ya pili utamkuta mama fulani mwenye moyo mkunjufu amemshika mtafiti mkono na kumwambia, "Kuanzia leo wewe ni mwanangu." Mtafiti analia. Msomaji naye anatakiwa alie. Sura ya tatu ikianza, mama hasikiki tena ila akihitajika kama mfano.

Nasema kwa uchungu maana nami niliasiliwa. Tena na mama yule yule aliyewaasili wenzangu wote.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili hapa Johannesburg, na idara ilitaka kila mmoja wetu aende fildi, yaani akakae na watu anaowachunguza, la sivyo shahada tuisikie kwa jirani. Ubaoni, nje ya ofisi, nafasi zilikuwa chungu nzima. Shirika moja lilitaka mwanafunzi "mwenye ari", malipo yake yakiwa ni uzoefu. Uzoefu! Hebu nenda nao duka la spaza uone kama utapewa mkate. Jingine lilitaka mtu wa kukaa na vijana wanaookota chupa na kuandika ndoto zao. La tatu likasema Kiswahili ni sharti. Mimi ni mtu wa Tanga, Kiswahili nimekinyonya. Nikasema hii ni yangu, hata kama ni ya kuandika ndoto za paka.

Ndivyo nilivyopelekwa Malvern, kwenye nyumba moja nyuma ya Jules Street, kwa mama Mkongomani aliyetoka Bukavu, mjane na fundi cherehani. Mada yangu ilikuwa undugu miongoni mwa wahamiaji. Msimamizi wangu, bibi mpole anayening'iniza miwani kifuani, aliniambia kwamba yule mama ni "uwanja tajiri". Kila mwaka idara ilimpelekea mtu. Alikuwa kama bomba la mtaa, kila mwenye ndoo anakinga.

Mama alinipokea kwa bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. "Kula, mutoto wangu," akaniambia. "Kuanzia leo uko mutoto wangu kabisa." Basi moyo ukayeyuka, nikaanza kuitunga sura ya pili huku natafuna. Kisha akaketi sawasawa, akapangusa mikono. "Bon. Unataka nianze na vita ao na shida ya makaratasi? Yule wa mbele yako alianza na vita."

Chai ililetwa na binti yake, msusi katika saluni moja ya Bertrams. Alikuwa amekulia mjini hapa. Kiswahili alikisikia chote, ila ulimi wake ulipenda zaidi Kizulu na Kiingereza. Siku hiyo lakini alikitafuta Kiswahili makusudi, ili nisikose hata neno.

"Mama, huyu ndiye wa mwaka huu?" Akanigeukia. "Wa mwaka jana alisema atarudi. Wa mwaka juzi pia. Nyinyi watu mnakuja kama mafua."

Mama akamkemea. Nikacheka kinafiki, na jioni nikaandika mstari mmoja tu juu yake: binti, mkali, hana ushirikiano.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa vifungo vya makoti ya kwaya. Nilishona vifungo huku nauliza maswali, na nakiri kwamba vifungo vilikuwa na maana zaidi. Hivyo tulikwenda mpaka wiki yangu ya mwisho, nilipomkuta mama kainamia cherehani, analia bila kujificha.

Binti alikuwa na mchumba, kijana wa Kizulu, fundi umeme. Wazee wa kijana walikuwa wameleta habari: Jumamosi tunakuja kuposa. Kwao, wajumbe wa posa husimama nje ya geti wakiita ukoo wa binti mpaka wafunguliwe. Ndani wanatakiwa wawakute wanaume wa ukoo huo, baba au wajomba. Mama mzazi haketi kwenye mazungumzo. Na mama huyu mume alimzika, kaka zake wako Bukavu, na wazee wa kanisa lake walisusa kwa sababu kijana si Mkongomani wala si mwenzao wa kanisa.

"Bakikuta nyumba haina mwanaume," akaniambia, "batasema binti yangu hana bantu. Batamuchukua kama kitu ya kuokota njiani." Akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Lakini miye niko na batoto. Niko na batoto ba chuo!"

Namba zetu alikuwa nazo zote. Akanipa simu yake, nikafungua kundi la WhatsApp, nikawaandikia ndugu zangu wa sura ya pili: mama yetu anaomba ndugu, Jumamosi asubuhi, wanaume waje wakae sebuleni, wanawake waje wamshike mkono.

Majibu yakaja. Mmoja, aliyejaza tasnifu nzima kwa habari za "undugu wa kuchagua", alisikitika sana, ana kongamano. La nini? La undugu. Astaghfirullah! Wa pili akauliza kama ataruhusiwa kurekodi. Wa tatu, aliyekwisha rudi Ulaya, alituma moyo mwekundu na viganja viwili vilivyounganishwa, neno hana. Waliobaki walisoma wakanyamaza. Mama alikuwa akichungulia begani kwangu, akiuliza, "Banasema nini? Banakuja?" Nikamdanganya kwamba mtandao unasumbua.

Nikaenda kwa msimamizi. Akavua miwani yake.

"Utauharibu uwanja," akasema. "Mtafiti hachezi ngoma, anaitazama. Na fildi yako inakwisha Ijumaa."

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Mwaka mzima bibi huyu alikuwa ametufundisha kwamba undugu si damu, undugu hutendwa. Kumbe alimaanisha utendwe na watu wa Malvern, sisi tuje na kalamu.

Jumamosi nikaenda. Mama alinivika koti la marehemu mumewe, mabega yakinishuka mpaka kwenye viwiko, akanifanya kaka yake wa siku hiyo, yaani mjomba wa binti, akanifundisha jina la ukoo na kunionya, "Usifungue mbio. Bangoje." Wazee watatu wakafika, makoti na kofia, wakaita getini. Wakaita tena. Mimi nimejibanza nyuma ya mlango, jasho linanitoka, na majirani wanatazama juu ya ukuta. Walipoita mpaka sauti zikakwaruza, nikafungua.

Tuliongea kwa Kiingereza, wao wakikitia Kizulu. Mkubwa wao, mzee mwenye macho ya kumpima mtu kama kitambaa, alitazama viti vitupu.

"Wengine wako wapi?"

"Kwenye mkutano," nikasema.

"Mkutano wa nini?"

"Wa undugu."

Wakatikisa vichwa, wameridhika kabisa. Ukoo unaofanya mikutano ni ukoo wa maana.

Kila swali gumu likija nilisema naomba nikashauriane na wakubwa, nikaenda nyuma ya pazia la jikoni. Wao waliamini kwamba huko nyuma tunachambua sheria za ukoo. Mama alikuwa ananiuliza kama nyama imewatosha.

Kisha mzee akaweka kikombe chini. "Kijana, mji huu tunaujua. Hapa wajomba wanakodishwa. Nitajuaje wewe si wa kukodi?" Nikafungua kinywa, akaninyamazisha kwa mkono. "Sifa za binti tumeshazisikia. Niambie kosa lake. Mjomba anayajua makosa."

Yarabi! Nilikuwa nimejaza kurasa na kurasa juu ya mama: safari yake, kanisa lake, cherehani yake. Juu ya binti nilikuwa na mstari mmoja. Nikiuharibu huo, basi, wazee watanyanyuka, na binti wa watu atabaki kuwa mtoto asiye na kwao, mbele ya mtaa mzima.

"Ulimi," nikasema. "Ana ulimi, mzee wangu. Mtu akija kula kwake akaondoka asirudi, atamwambia mbele ya wageni kwamba yeye ni mafua. Mimi aliniambia."

Kisha mzee akajipiga paja, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Eish! Ndiye! Mdogo wangu huyu, binti alimwambia ni mwavuli, huonekana siku ya mvua tu!" Mdogo wake akatazama pembeni. Nikapumua.

Lakini mzee alipomaliza kucheka hakuwa tena na mzaha. "Sisi ni watu, tunagombana," akasema. "Siku akifukuzwa, au akikimbia mwenyewe, atagonga mlango upi? Si wa mama yake. Mama atalia naye. Nataka mlango wa mtu atakayetuita sisi tuje tujieleze."

Nyuma ya pazia, mama aliweka kijiko chini. Niliogopa, sisemi uongo. Fildi ilikuwa imekwisha jana yake, cheti cha idara kiko njiani, na hapa naulizwa jambo lisilo na tarehe ya mwisho.

"Wangu," nikasema. Nikawapa anwani ya bweni langu la Doornfontein, ghorofa na namba ya chumba. Mzee akairudia mpaka akaishika kichwani.

Mama akapiga vigelegele peke yake, na kwa nguvu zake vilitosha kuwa vya watu kumi. Posa ikapita. Binti akatoka kajifunika kanga ya mama yake, akawamiminia wazee chai, akaja kuketi karibu nami.

"Mjomba," akasema kwa Kiswahili, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kitu chochote. "Huko bwenini, wageni mwisho saa ngapi?"

"Saa nne usiku," nikamjibu. "Na wanaacha kitambulisho kwa mlinzi."

Akaniongezea chai.

"Sharp, sawa," akasema. "Basi nitajitahidi nigombane na mume wangu mchana."

Mjumbe mmoja aliyekuwa anasikia Kiswahili kidogo akawatafsiria wenzake, wakacheka wote. Nami nikacheka, lakini iliniuma, na ikaendelea kuniuma njia nzima kurudi mjini. Jumatatu msimamizi alinisubiri niende tuzungumzie sura ya kuaga uwanja. Sikwenda. Nilikuwa Bertrams, karibu na saluni ya binti, natafuta chumba, na kila mwenye nyumba nilimuuliza, kabla ya maji na kabla ya umeme, geti lake linafungwa saa ngapi.