Uso wa Mama Neema

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyotoka Likoni sina niendako. Nilikuwa nimelala kwa rafiki hadi mkewe akaanza kuniwekea chai bila sukari, nami nikaelewa. Shule niliiacha darasa la saba kwa kutaka kujua barabara zinaishia wapi, na mpaka leo mvi zimenijaa sijajua. Kwenye feri nikamsogelea dereva wa lori lililofungwa turubai, nikamuuliza amebeba nini.

"Chakula cha bure. Unga, maharagwe, mafuta. Cha watu wasio nacho."

"Na nani anakitoa?"

"Wewe una maswali! Panda ukajionee."

Lori likaenda hadi Magongo, kwenye ghala kubwa. Maduka na viwanda hupeleka vyakula pale, na kila Jumamosi kikundi cha kujitolea huja kuvifunga na kuwagawia wenye shida. Zamu ilikuwa ya vijana wa kanisa moja la Changamwe, wote kwa fulana za rangi moja. Mwenyekiti wao, Dani, alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, sauti yake utaisikia ungali barabarani.

"Brathe, una mgongo mzuri," akaniambia. "Umeokoka?"

"Bado."

"Basi beba magunia kwanza. Utaokoka baadaye."

Tukacheka, nikabeba. Jioni wakanipa chumba cha nyuma ya kanisa, kilichojaa viti vilivyovunjika, na hapo nikakaa miezi. Nisiwadhulumu, mwanangu. Walikuwa vijana wema. Walifanya kazi hadi fulana zikawaganda mgongoni, na hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini.

Lakini aliyenifanya nijione mtu pale alikuwa Mama Neema, kiongozi wa akina mama. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama kwenye birika kubwa la chai, na mgeni ndiye aliyemiminiwa kwanza. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja hapo Changamwe. Kiwanda kilipofunga milango tulisikia, tukaombea, tukasahau. Yeye aliendelea kumimina chai.

Sasa, Dani alikuwa na desturi yake. Aliyepewa mfuko wa chakula ilibidi asimame mbele ya kitambaa chenye jina la kikundi, auinue mfuko, apigwe picha. Jumapili picha zile zilimulikwa ukutani kanisani na watu wakapiga makofi. Mimi na maswali yangu nikamwendea msimamizi wa ghala, nikamuuliza wanazitaka za nini.

"Sisi?" akashangaa. "Sisi tunataka chakula kifike. Picha ni zenu."

Nikamwambia Dani. Akanijibu kwa upole, "Watu wakiona, watatoa zaidi." Na kweli walitoa zaidi. Ndiyo maana jambo lile halikuwa rahisi kulikemea.

Jumamosi moja akaja mwanamke mwenye buibui na nikabu, macho tu yaonekana. Kwenye foleni ya Magongo hilo si jambo la kushangaza. Akapokea mfuko, akageuka aende.

"Mathe, ngoja, picha," Dani akasema. "Fungua uso kidogo."

Akatikisa kichwa.

"Sekunde moja tu. Wenzako wote wamepiga."

Nyuma yake alikuwa Bi Rehema, mkongwe wa mtaa ule, aliyezoea kuja na kikapu chake cha ukili. Akakiweka chini.

"We mwana! Mama yako ungemfunua uso mbele za watu kwa ajili ya unga?"

"Shikamoo, bibi. Ni utaratibu tu."

"Marahaba. Na huo utaratibu kautunga nani? Wallahi chakula ni chenu, lakini haya ni yake. Mwacheni ashike njia."

Foleni nzima ikacheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichoharibu mambo, maana Dani aliaibika, na mtu akiaibika mbele ya wenzake hushikilia neno lake hata kama hana haja nalo tena. Akaweka mkono juu ya mfuko. Hakuuvuta. Aliuweka tu.

"Bila picha siwezi kutoa. Ni sheria ya kila mtu."

Yule mama akautazama mfuko kwa muda. Kisha akainua nikabu.

"Haya. Piga."

Alikuwa Mama Neema.

Kamera ikalia kabla hatujajua tunachokiona. Msichana mmoja wa kikundi, kwa mshtuko, akaropoka, "Ai, Mama Neema, kumbe umesilimu?"

"Sijasilimu, binti yangu," akasema. "Nimeona haya."

Bi Rehema akamkaribia, akamteremshia nikabu kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea buibui sawa begani kama anayemvisha bintiye. "Jisitiri, mwanangu," akamwambia. "Nenda kawapikie watoto." Naye mwenyewe akaokota kikapu chake, akaenda zake bila kuchukua kitu.

Mwanangu, ningependa kukuambia yaliishia hapo. Jumapili, picha ile ikamulikwa ukutani. Tulikuwa tumemsihi Dani aiache, akatuambia amekesha akiomba juu yake, na moyo wake una amani. Akasimama akasema, "Msidhani wahitaji wako mbali. Wako nasi humu humu." Watu wakalia. Wakapiga makofi. Bahasha ikapitishwa, na sijawahi kuona kanisa lile likitoa namna ile.

Mama Neema alikuwa ameketi na akina mama wenzake. Akasimama, akawashika wanawe mkono, akapita katikati ya viti. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Yalimsindikiza hadi mlangoni. Chai haikumiminwa siku ile. Kila mtu alingoja mwingine aanze, mpaka ikapoa.

Kesho yake tukaenda kwake na ile bahasha. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akatuambia wameondoka alfajiri, magodoro juu ya mkokoteni, wala hawakusema wanahamia wapi. Dani akakaa chini pale kizingitini.

"Nilitaka asaidiwe," akasema.

"Najua."

"Kosa liko wapi basi?"

Aliuliza kwa dhati, mwanangu. Hakulijua. Nimemtafuta Mama Neema Mikindani, nimemuulizia Jomvu na Kisauni nzima, na sijamwona tena.

Mimi nami sikuweza kulala tena kwenye kile chumba. Nikaondoka na mfuko wangu, nikavuka kisiwa, nikatembea hadi Bombolulu, na magharibi ikanikuta kwa ajuza mmoja, Bi Mishi, mwenye vyumba vya kupangisha. Akanionyesha chumba chenye kitanda cha kamba. Sikumwambia nina njaa, naye hakuniuliza. Baadaye kidogo akabisha hodi, kashika sinia iliyofunikwa kawa.

"Chakula kimenizidi leo," akasema. "Nisaidie, baba, kisilale kikaharibika."

Chungu chake nilikuwa nimekiona jikoni. Kilikuwa cha kumtosha mtu mmoja. Akaweka sinia chini, akatoka, akaurudisha mlango ili nisionekane nikila.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayejitolea na kikundi chako, na simu yako mkononi. Kajitolee, njaa ipo, na inahitaji migongo yenu. Lakini anayekuja kupokea amekuletea mambo mawili, tumbo na uso, na ulichoombwa ni kushibisha tumbo tu. Uso si wako, hata kwa nia njema, hata kama ungeleta sadaka ya kujaza ghala. Ukitoa, funika. Ukimtambua aliyesimama mbele yako, jifanye hujamtambua, na ukikutana naye kesho msalimie kama jana. Na mzee akikukosoa mbele za watu, kubali kuchekwa. Kuchekwa kunapita.

Mungu akupe cha kutoa, na akupe mlango wa kuurudisha baada ya kutoa. Na siku ikigeuka, ukawa wewe ndiye uliye kwenye foleni, akukutanishe na watu watakaoujaza mfuko wako huku wakitazama kwingine. Amina.