Fulana ya Bima

Mwanaima alijikata mguu kwa panga akifyeka shamba la mikorosho, akachechemea mpaka zahanati ya kijiji. Nesi Yustina akainamisha macho kwa aibu. "Mama, bandeji zimekwisha. Labda ukanunue dukani."

Hasira zikampanda. Kila msimu wa korosho wanamkata kodi na tozo kabla hajaishika hela yake mkononi, na akiuliza anaambiwa ni za maendeleo. Maendeleo yenyewe hayo hapo nje: maturubai, spika za kupasua masikio, na magari ya wakubwa kutoka Lindi mjini yananguruma yamesimama, ili viyoyozi visizimwe. Wamekuja kuzindua bima mpya ya afya, na kila kaya itachangia tena. Ichangie nini, na bandeji hakuna?

Alipotoka, mgeni rasmi akamkabidhi fulana iliyoandikwa "Bima Yako, Afya Yako."

"Ivae, mama, tupige picha."

Mwanaima akaketi chini palepale mbele ya meza kuu, akaichana fulana kwa meno, akaufunga mguu barabara mpaka damu ikakata.

"Haya, mheshimiwa," akasema, akiuinua mguu kuelekea kamera. "Nimeshaivaa. Piga!"